Mimi Ndiye Niliyeziba Mpira wa Ndoo

Salima,

Kwenye kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba barua ina salamu, kisha hali, kisha madhumuni. Salamu tumeshapeana. Umesema shikamoo leo alfajiri, nimesema marahaba, ukachukua mkoba ukaenda Chiwata kuwaaga shangazi zako. Hali yangu unaijua, ni goti lilelile. Kwa hiyo naingia kwenye madhumuni moja kwa moja, kabla pikapu haijakurudisha.

Naandika jikoni. Karatasi iko juu ya sinia, sinia liko juu ya mapaja. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na herufi nyingine nimezisahau nikaweka zinazofanana nazo. Usinisahihishe. Wewe ndiye unayekwenda kusomea ualimu, lakini bado hujaanza.

Sikuandikii habari za kula na kuvaa. Kila aliyekuja kukuaga amekwambia Songea kuna baridi. Kama hujaamini, utaamini ukifika. Habari za wanaume uliambiwa unyagoni, na kama hukuzisikia kwa makungwi hutazisikia kwa karatasi. Nakuandikia habari ya ndoo.

Najua unajua. Lakini nitasimulia hata yale unayoyajua, kwa sababu msimuliaji akiruka mahali, huruka palepale penye aibu yake.

Nianze na bwawa. Watu husema bwawa letu la uani lilijengwa na korosho, na ni kweli. Ni mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku juu Newala na malori yao, kila mmoja na mzani wake, wakagombania magunia kama kunguru. Wenzangu walinunua redio na baiskeli. Mimi nilinunua saruji. Mafundi wakachimba nyuma ya nyumba, upande wa mteremko, wakajenga kuta, wakapiga plasta, na mfereji wa bati ukateremsha mvua yote ya paa mle ndani. Saruji ya mfuniko haikutosha. Nikafunika kwa mianzi, mchwa wakaila, nikaacha wazi. Jirani yetu Mama Shaibu alikuja kulitazama, mikono kiunoni, akasema, "Bi Somoe, sasa wewe una bahari." Nikamjibu, "Ndiyo. Na wewe una kopo, kaa foleni."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilipenda wakae foleni.

Wewe umekuta mabomba, hata kama yanatoa upepo. Mimi nimekua kwa kushuka bondeni. Tulitoka nyumbani nyota zikiwa juu, tukashuka lile genge la mteremko mkali tukikanyaga kwa ubavu, tukakuta visima vya mchangani, tukachota kata moja, tukangoja maji yajikusanye, tukachota nyingine. Tulipanda na mitungi kichwani, tukafika jua likiwa utosini. Siku moja nilijikwaa karibu kabisa na nyumba. Mtungi haukuvunjika, ila nusu ya maji ilimwagika. Mama yangu hakunipiga. Alinishika mabega, akanigeuza nikatazama kule nilikotoka, akasema, "Kayafuate." Nikashuka tena siku hiyohiyo, na meno mapya ya mbele yalikuwa hayajaota.

Tangu hapo mkono wangu haumwagi maji. Ya kunawa uso yanaosha vyombo, ya vyombo yanakwenda kwa kuku. Ukoo mzima unajua. Kuna wanawake wanaojulikana kwa kupika, wengine kwa kucheza ngoma, mimi najulikana kwa hilo. Babu yako alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba amelioa pipa.

Basi mwaka jana, mwezi wa sita, ulikuja likizo kutoka shuleni kwako Masasi. Msimu wa salfa, dawa ya mikorosho, ulikuwa umeanza. Kila alfajiri, upepo ukiwa umelala, mashine za mgongoni zinanguruma mikoroshoni, vumbi la njano linapanda juu ya miti na kusimama, halafu linashuka. Linashuka kwenye majani, kwenye nguo zilizo kambani, kwenye bwawa. Na maua ya mikorosho yanapukutika, na majani, na wadudu. Juu ya maji kukawa na utando, pembeni wa njano, katikati wa kahawia. Mimi nilikuwa nausukuma kwa mkono na kuchota chini yake, kama nilivyofanya miaka yote.

Ukasema, "Bibi, uchafu huu bado uko juu. Ukioza utazama. Tuuengue sasa, kabla haujazama."

"Uuengue kwa upawa?"

"Kwa ndoo."

Ukachukua ndoo nyeupe ya plastiki, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia. Ukaikata ukingo wa juu kwa kisu cha moto, ukaifanyia mdomo mpana kama kiganja. Ukatoboa kitako, ukapachika mpira wa maji, ukakaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ndani ukatandika kipande cha chandarua. Ukaifunga kamba yenye mafundo, ukaining'iniza kwenye gongo lililolazwa juu ya kuta, ukaiteremsha mpaka ule mdomo ukawa chini ya uso wa maji kwa unene wa ukucha tu. Mpira ukaupitisha kwenye tundu la kusafishia lililo chini ya ukuta, ukaziba pengo kwa saruji, ukautokeza nje kwenye mteremko, penye mipapai.

Nikakaa juu ya kinu nikakutazama. Kwanza hakukutokea kitu. Kisha ua moja la mkorosho likaanza kutembea. Likafuatwa na jingine. Utando wote ukageuka, taratibu, kama watu wanaotoka msikitini, wote upande mmoja, ukaingia mdomoni mwa ndoo ukanaswa kwenye chandarua. Nyuma yake maji yakabaki yanang'aa. Niliona mawingu ndani ya bwawa langu, Salima, jambo ambalo sijaliona tangu lijengwe.

Nilipenda. Nilipaswa kusema. Nilichosema ni, "Tangu lini maji yakaoshwa?" Na wewe ukacheka, kwa sababu wakati ule ulikuwa unanicheka.

Halafu nikazunguka nyuma, nikaona mpira unatema maji kwenye mipapai.

"Na haya?"

"Hayo ndiyo ya juu, Bibi. Lazima yatoke kidogo ndipo yavute uchafu. Yasipotoka, ndoo inajaa, uchafu unakosa pa kwenda."

"Mvua inakuja mwezi gani?"

"Wa kumi na mbili."

"Na leo ni mwezi gani?"

Ukasema ni kidogo tu, ni asubuhi salfa ikishatua, kisha ndoo inainuliwa mpaka kesho. Ukanionyesha kamba: maji yakipungua, teremsha fundo moja. Ukasema, "Na yakinuka, Bibi, yasinywewe. Niahidi." Nikakuahidi. Likizo ikaisha, ukarudi Masasi.

Sikumaliza wiki. Kila asubuhi nilikuwa nasikia ile sauti nyuma ya nyumba, maji yanaanguka kwenye udongo na udongo unayanywa, na mgongo wangu unasisimka kana kwamba marehemu mama amesimama nyuma yangu. Niliweka beseni. Likajaa maji ya njano, nikaona choyo kuyamwaga, nikayarudisha bwawani. Uone akili yangu. Mwisho nikachana pindo la kanga yangu kuukuu, ile ya maua mekundu, nikalisokota, nikalitia ndani ya mpira na kulisukuma kwa kijiti. Sauti ikakoma. Nikalala vizuri.

Ndoo ikaendelea kuning'inia, imejaa maji yasiyokwenda popote. Ukipita uani ungedhani iko kazini. Wageni nikawaonyesha, nikawaambia mjukuu wangu kabuni kitu.

Mwezi wa tisa mjomba wako Athumani alikuwa anamtoa mwali, binti yake mkubwa. Kwenye kikao cha ukoo walipokuwa wanahangaika maji yatatoka wapi, kiangazi kile, watu wote wale, mimi nikasimama. Nikasema maji yote ya sherehe yatatoka kwangu. Walipiga vigelegele. Mama mtu mzima nikakaa chini nimevimba kama andazi.

Sasa nafika mahali usipopajua.

Siku moja kabla ya sherehe nilichota, nikanusa. Yalikuwa yananuka. Si sana, ni kama maua yaliyosahauliwa kwenye mtungi. Utando ulikuwa umekwisha kuzama, chini kumelala tope jeusi. Athumani alikuwa amesimama pale na baiskeli yake, akaniona nilivyokunja pua. Akasema, "Mama, niende mjini nikatafute madumu ya maji?"

Neno lilikuwa moja tu, ndiyo. Nikasema, "Nyumba yenye bwawa ikanunue maji? Unataka wanicheke mpaka kaburini?"

Akaegesha baiskeli, ni mwanangu, ameshazoea. Nikayachuja kwa kanga mara mbili. Nikachemsha mchaichai pembeni, nikauchanganya humo kuondoa harufu. Togwa ilikorogwa kwa maji hayo, na ya kunywa yakawa hayohayo. Nilikukumbuka, Salima. Nilikumbuka ulichoniahidisha, ulivyokuwa umesimama na kamba mkononi. Nikasema moyoni, mtoto wa juzi huyu, nimekunywa mabaya kuliko haya nikakua.

Jioni matumbo yakaanza. Watu wa sherehe wakawa wanapotelea mikoroshoni mmoja mmoja na kurudi wamejikunja. Wengine walicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini mtoto wa mwisho wa Mama Shaibu, aliyekuwa ameachishwa ziwa majuzi, alilegea kama nguo mbichi. Athumani alimkimbiza zahanati kwa baiskeli, mama yake amekaa nyuma amempakata, kilemba kimemwanguka njiani hakukiokota. Mtoto akapona. Mungu ashukuriwe, na wewe ushukuriwe, maana ulikuwa umekuja kwa ajili ya sherehe, ukakaa naye unamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mpaka akaweza kulia kwa sauti.

Na kwa malipo yake ulipata nini? Kesho yake wanawake walikuja uani. Mama Shaibu alikuwa mbele.

"Bi Somoe, umetunywesha nini?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sare ya shule, unajiandaa kurudi Masasi. Mimi nililitazama bwawa, nikawatazama wale wanawake waliokuwa wakinikalia foleni, mkono wangu ukanyooka. Haukunyooka kwenye kifua changu. Ulinyooka kwenye ndoo.

"Muulizeni msomi," nikasema. "Maji yangu yamekaa miaka hayajamdhuru mtu. Kaja yeye na ndoo yake ya dukani, sijui ilibeba dawa gani, akaitumbukiza humo."

Ukasema, "Bibi, ilikuwa ya mafuta ya kula."

"Unamjibu nani?"

Ukanyamaza.

Nikisikia mwalimu fulani anaumiza watoto kwa fimbo, naona afadhali yake. Fimbo inaacha alama, mtu akikuuliza unamwonyesha. Mimi nilikunyamazisha kwa adabu niliyokufundisha mwenyewe. Mtoto aliyelelewa hamjibu bibi yake mbele ya watu, nalijua hilo, nikalitumia kama komeo la mlango. Huko uendako utakuwa na watoto wa watu arobaini mbele yako, na siku utakayokuwa umekosea wewe, neno hilo la unamjibu nani litakujia lenyewe mdomoni. Ni jepesi mno. Lako utafanya nalo unavyotaka. Langu nimekueleza lilichofanya.

Ngoma iliyofuata tayari kulikuwa na wimbo. Mama Shaibu ana sauti, wimbo ukishikwa naye haushuki mpaka mvua inyeshe. "Salima kaosha maji, katuachia matope." Maneno ya kuosha maji walinisikia mimi nikiyatania, wakayachukua. Wimbo ukashuka mpaka Masasi, vinywani mwa wasichana wa huku waliokuwa bwenini kwenu, nawe ukafanya mtihani wa kidato cha nne huku unaimbwa. Mimi nilikuwa nausikia nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa wazee, mahali pa heshima, na mara moja, Salima, mara moja nilipiga makofi kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga.

Ulipomaliza mtihani ukarudi. Kabla ya mvua uliingia bwawani kukwangua tope. Ukafungua mpira, ukapuliza, haupitishi. Ukachukua waya, ukavuta. Kitambaa kikatoka, cheusi, lakini ua jekundu lilikuwa bado linaonekana. Nilikuwa juu ya kinu. Majibu nilikuwa nayo, mimi huwa siyakosi. Nilikuwa na jibu la panya, na jibu la watoto wa jirani.

Hukuuliza. Ulichota kikombe kimoja cha maji, kimoja tu, ukafua kile kitambaa kwa sabuni, ukakikamua, ukakianika kambani kando ya kanga zangu. Kikakaa pale. Hakuna aliyekianua. Nilikuwa nikipita natazama chini.

Tangu siku ile umekuwa mwema kupita kiasi. Shikamoo Bibi. Chakula tayari Bibi. Ndiyo Bibi. Nikikuita mke mwenzangu unaitika abee kama nimesoma jina lako kwenye rejista. Watu wananipongeza kwamba nina mjukuu mwenye adabu. Ile ndoo uliikausha ukaiweka stoo, nami sikukuuliza kwa nini, na mwaka huu utando umerudi juu ya maji, nausukuma kwa mkono.

Adabu hiyo naijua, Salima. Mama yako alikuwa nayo.

Hili hujaambiwa na mtu. Mama yako Hadija alipokuwa mchumba, nilimwita mwizi mbele ya wakwe zake. Bakuli langu la bati lilikuwa limepotea, nikasema hakuna mwingine, ni huyuhuyu amewapelekea. Nikaja kulikuta ndani ya pipa la mahindi, mahali nilipoliweka kwa mkono wangu. Sikusema. Nilimchinjia kuku, nikadhani kuku atasema kwa niaba yangu. Akala, akasema ahsante Mama. Alipoolewa akahamia Lindi. Anakuja Idi kwa Idi, ananiletea kanga nzuri kuliko za wenzangu, na analala kwa Athumani. Hata baba yako alipofariki, alikuleta wewe ukae nami, yeye akarudi Lindi. Hajapata kunijibu vibaya hata siku moja. Mwanangu wa kumzaa, na miaka yote hii sijui anawaza nini akinitazama.

Kesho ukipanda basi na adabu ileile, na wewe utakuwa unakuja Idi kwa Idi. Utaniletea blanketi la Songea. Nitaliogopa.

Ndiyo sababu leo ulipoondoka nilijitwika mahindi nikaenda mashineni. Nilijua wale wanawake watakuwepo, Jumatano ndiyo siku yao. Nikakaa kwenye mstari kama mtu mwingine. Yule kijana wa mashine alipozima aweke dizeli, nikasimama.

"Mama Shaibu," nikasema, "maji ya sherehe niliyaharibu mimi. Salima hana kosa. Niliziba mpira wa ndoo kwa kitambaa. Yakanuka, nikayanusa, nikawapa."

Kisha Mama Shaibu akanitazama kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko matusi.

"Bi Somoe, mtoto anasafiri kesho. Yaliyopita tumeyasahau. Huna haja ya kumbebea."

"Simbebei. Nakwambia nilivyofanya."

"Bibi gani asiyemsitiri mjukuu wake," akasema mwingine. "Hata mimi ningesema hivyo."

"Wewe na maji?" akasema wa tatu. "Wewe ambaye mate unayameza mara mbili? Mtu wa kuharibu maji awe wewe?"

Wakacheka, kwa upendo kabisa. Mmoja akanishika mkono akasema umefanya vizuri, ndivyo anavyoagwa mtoto. Walinisifu, Salima. Nilikwenda kuvuliwa nguo nikavishwa kanga ya pili. Sifa yangu niliyoihangaikia tangu utoto ilikuwa imesimama mlangoni, inazuia kosa lisipite.

Nikawaambia, "Twendeni uani." Mahindi nikayaacha palepale. Walikuja, wanawake hawakatai kuona.

Nikaitoa ndoo stoo. Nikaifunga kwenye gongo, nikakosea fundo, ikazama yote, wakacheka tena. Nikaivuta, nikaimwaga, nikaishusha polepole mpaka ukingo ukalingana na maji. Utando wa salfa ya asubuhi ulikuwa umelala. Ukakaa kidogo. Kisha ukaanza kutembea.

Wakaacha kucheka. Hawakuwahi kuiona inafanya kazi, unajua? Wote waliiona ikiwa imezibwa.

Nikazunguka nyuma, nikamwita Mama Shaibu aje karibu, wengine wabaki wakitazama bwawa. Nikaweka dole gumba kwenye mdomo wa mpira. Walioko kule wakasema, umesimama. Nikalitoa. Wakasema, unatembea. Nikaziba. Umesimama.

"Mmeona," nikasema. "Sasa dole gumba hilo lilikaa pale tangu mwezi wa saba mpaka siku ya sherehe."

Nikaliondoa. Maji yakaanza kwenda kwenye mipapai. Sikuweka beseni. Yalikuwa yanatoka mazuri, mengi, ya mvua ya mwaka huu, na mvua nyingine iko mbali. Sikio lilikuwa linaniuma. Nikaacha.

Mama Shaibu akatazama chini akasema, "Bi Somoe, yanamwagika."

"Nayaona."

"Ziba basi."

"Sizibi mpaka uamini."

Tukasimama hapo, wanawake wawili wa Newala, tunatazama maji yanaingia ardhini mwezi wa saba. Udongo ukalowa mpaka kwenye vidole vyake, akavuta mguu nyuma. Akanitazama usoni.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Mwanangu alilegea mikononi mwangu."

"Najua."

"Na mtoto wa watu akakaa kumnywesha, na mimi nikamwimba."

"Sauti ilikuwa yako. Maneno nilikupa mimi."

Hakucheka na hakunishika mkono. Aliondoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata kimyakimya, na hakuna aliyenisifu. Nilibaki na mpira mkononi. Nikaiinua ndoo, nikamwaga uchafu uliokuwa kwenye chandarua, nikakisuuza kama ulivyonionyesha. Sasa hivi nasikia sauti zao huko mashineni zimepanda, na jina wanalolitaja si lako.

Kwa hiyo jina lako umerudishiwa, na kwa watu sina la kufanya zaidi. Limebaki la kwetu wawili. Sikuombi unisamehe. Msamaha wa mtu anayewahi basi ni kama kuku niliyemchinjia mama yako, unaliwa na mambo yanabaki. Ninachotaka ni kigumu zaidi kwako, kwa sababu nilikulea usiweze.

Utafika magharibi na vumbi la njia. Nitakupa maji ya kuoga, kisha nitakupa karatasi hii kabla ya chakula. Soma polepole, herufi zangu mbovu. Halafu njoo hapa jikoni, uache shikamoo nje, uniambie. Niambie ulivyosimama mlangoni na sare yako. Niambie bwenini walikufanya nini, maana sijui, hujanieleza hata siku moja. Uniite jina utakalo. Nimekugombeza tangu hujui kutambaa, kwa haki na bila haki. Leo nigombeze wewe. Nitakaa kimya mpaka umalize, na kama huwezi kumaliza leo, malizia kesho tukiwa tunangoja basi, watu wakisikia.

Wali utapoa. Acha upoe.

Bibi yako,
Somoe